Asiranse ya bongo: historia ya kikaratasi cha kwenye kioo

Leo siandiki juu ya mahindi. Lisansi yangu ni ya agronomia, na kazi yangu ya kila siku hapa Mutshatsha ni mbegu, mbolea na wakulima. Lakini mahindi hayatembei kwa miguu. Yanapanda kamyo kwenda Kolwezi, zaidi ya kilomita 100, na kwenye kioo cha mbele cha kila kamyo kuna kikaratasi. Hicho kikaratasi kina historia ndefu kuliko tunavyofikiri. Nataka tuipitie pamoja, juu ya inaeleza kwa nini mtu anayelipa asiranse kwa haki huku kwetu anaonekana mjinga, na kwa nini mtu aliyegongwa na gari anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kwenye vitabu vya Kiswahili wanaandika "bima". Huku Lualaba tunasema "asiranse", na ile ya uongo tunaiita "ya bongo". (Wasomaji wa Tanzania wasishangae: kwenu bongo ni akili, kwetu bongo ni uongo. Kwa kazi ninayoisimulia hapa, zote mbili zinatumika.)

Sheria ya kwamba mwenye kuharibu lazima alipe haikuja na gari. Ilitangulia. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati nchi yetu ilikuwa mali ya Léopold II, inasema kwenye artikle 258 kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuitengeneza hiyo hasara. Serikali ileile iliyokuwa ikikata watu mikono juu ya kaucho ndiyo iliyoandika hiyo artikle. Waliosoma sheria kati yenu wanaijua kwa kichwa, maana mpaka leo inatumika. Haina ubaya. Shida yake ni moja tu: inasema nani alipe, haisemi atapata wapi makuta. Shofere maskini akimvunja mtu mgongo, unaweza kushinda kesi na usipate kitu. Kwa hiyo mahali pengi duniani waliona lazima waongeze kitu kingine: kila mwenye gari atie kidogo kwenye sanduku moja, na yule aliyegongwa alipwe kutoka kwenye sanduku, hata kama aliyemgonga hana kitu. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lililazimisha hivyo mwaka 1927. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1930, na Ubelgiji yenyewe ilingoja mpaka 1956.

Huku kwetu hapakuwa na haraka. Mutshatsha ni mji wa reli. Njia ya kutoka Tenke mpaka Dilolo ilimalizika mwaka 1931, ikaunganika na reli ya Benguela mpaka bahari ya Lobito, na kwa miaka karibu 45 mizigo mikubwa ilipita hapa juu ya chuma, si juu ya matairi. Wazee wanasimulia treni, hawasimulii kamyo. Gari lilikuwa la Mzungu, la misioni, la Union Minière. Walioweza kugongwa walikuwa wengi, walioweza kugonga wachache.

Baadaye uhuru, vita, sesesion ya Katanga, na Mobutu. Novemba 1966 serikali yake iliunda SONAS, Kampuni ya Taifa ya Asiranse. Wiki chache nyuma yake, kwenye mwaka mpya wa 1967, Union Minière nayo ilichukuliwa, ikazaliwa ile tuliyokuja kuiita Gécamines. Ni wakati mmoja na wazo moja: mali ya nchi ibaki nchini. Kampuni za asiranse za Wazungu ziliondoka kwenye kazi, SONAS ikabaki peke yake sokoni. Tanzania nao walifanya vilevile mwezi Februari 1967, nyuma ya Azimio la Arusha, wakaipa kampuni yao ya taifa, NIC, kazi yote. Siyo ujinga huo, kwa mawazo ya wakati ule. Mimi nikisoma ile historia ninawaelewa.

Tarehe 5 Januari 1973 ikatoka sheria n° 73/013: kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na asiranse ya kumlipa mtu wa tatu, yaani yule ambaye hakuandika mkataba wowote, mpita njia. Angalieni vizuri hayo mambo mawili yanapokutana. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kununua, na muuzaji ni mmoja tu katika nchi nzima. Mteja hana pa kwenda. Muuzaji akilipa wagonjwa, watu watanunua. Asipolipa, watanunua vilevile, maana polisi yuko barabarani. Mtu yeyote aliyewahi kununua mbegu kwenye kijiji chenye duka moja anajua bidhaa inakuwaje hapo.

Hata hivyo, mwanzoni haikuwa bure. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola 2. Watu wa Gécamines wa Kolwezi walikuwa na mishahara, na wazee wanakumbuka zaire ikiwa na heshima sokoni. Kilichoua asiranse huku kwetu, kwa mawazo yangu, si wezi kwanza. Ni makuta yenyewe.

Fuateni hesabu hii polepole. Oktoba 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa na zaire za zamani 3.000.000. Juni 1998, faranga moja ya Kongo ilibadilishwa na zaire mpya 100.000. Zidisheni: faranga moja ya 1998 ni zaire za zamani milyari 300. Sasa tuseme mama mmoja alipoteza mguu mwaka 1985, na tribinali ikaamua alipwe zaire 1.000.000, ambazo mwaka ule zilikuwa makuta ya maana sana. Kesi ikapanda kwenye apeli, dosie ikalala kwenye biro, karatasi ikapotea, ikapatikana. Akilipwa mwaka 1998 bila kupandisha kiasi, anapata sehemu moja ya faranga iliyogawanywa mara 300.000. Hata chumvi ya kidole hapati. Na wala hapajatokea mwizi mahali popote katika hiyo hesabu. Kila mtu amefuata sheria.

Upande wa kampuni ilikuwa vilevile. Makuta waliyokusanya mwaka 1988 ili walipe hasara za 1990 yaliyeyuka kwenye sanduku. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 ulimaliza maduka na biro za watu. Na hapa Katanga, Gécamines ilianguka: kutoka tani karibu 470.000 za shaba katikati ya miaka ya 1980 mpaka karibu 50.000 tu mwaka 1993. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka Septemba 1990. Reli ya Benguela ilikuwa imekatika tangu 1975 juu ya vita ya Angola, na Mutshatsha yenyewe ilishikwa na waasi Machi 1977, ikarudishwa mwezi uliofuata. Mji wa reli bila reli.

Katika miaka hiyo ndipo neno lilizaliwa ambalo mpaka leo unaweza kulisikia kwa shofere yeyote wa hapa. Mmoja aliniambia hivi, akipiga kioo na kidole: "Iyi karatasi ni ya polisi, haiko ya aksida." Hii karatasi ni ya polisi, si ya ajali. Hakuna muhtasari mzuri kuliko huo wa historia ya asiranse Kongo. Watu walikwisha kujifunza, kizazi kizima, kwamba asiranse haileti malipo. Inaleta amani kwenye barieri. Ni mfano wa ushuru mwingine tu, ndugu ya vinyeti.

Na kama karatasi kazi yake ni kuonyesha kwa polisi basi, kwa nini ulipe bei ya karatasi ya kweli? Ile ya bongo inafanya kazi ileile, kwa bei ndogo. Mtu anaweza kukasirika akisikia hivyo, lakini ndiyo akili ya soko. Mimi ninaona kila mwaka kitu cha namna hiyo kwenye mbolea. Kama mkulima ametumia mbolea ya kweli iliyolala kwenye depo mpaka ikaharibika, na haikumsaidia, mwaka unaofuata hatachagua tena kati ya mfuko wa kweli na mfuko wa bongo. Atachagua wa bei rahisi. Mfuko wa bongo hauzaliwi na mwizi peke yake. Unazaliwa siku ile mfuko wa kweli unapoacha kuotesha.

Kuanzia Kodi ya Migodi ya Julai 2002 makampuni yalirudi, na shaba na kobalti vikaanza kutoka Kolwezi kwa wingi, lakini safari hii juu ya matairi. RN39 inayopita Kolwezi mpaka hapa kwetu na kuendelea Dilolo ilijaa kamyo. Kuelekea Kasumbalesa ndiyo zaidi. Pikipiki ziliingia, na wale vijana tunaowaita manseba, yaani wajomba, wakajaa kila kona. Magari yakaongezeka mara nyingi, akili juu ya karatasi ikabaki ya miaka ya 1990.

Namna zenyewe za kudanganya si nyingi, na hazihitaji shule kubwa. Kuna karatasi iliyochapwa kwenye sekretariati ya mtaani, yenye muhuri wa kuskani. Hiyo ni ya watoto, polisi mwenye macho anaiona. Kuna karatasi ya kweli kabisa ya gari moja, inayofotokopiwa kwa rangi na kubandikwa kwenye magari manne mengine. Kuna ile ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote: karatasi ya kweli, kutoka kwa mtu wa kweli, lakini kwenye kipande cha mteja imeandikwa miezi 12 na kwenye kipande cha kampuni imeandikwa miezi 3, au haikuandikwa kitu. Hapo mwenye gari mwenyewe ameibiwa. Amelipa bei nzima, anatembea kifua mbele, na siku ya ajali anaambiwa hajulikani. Na kuna ile ya nyuma: gari linagonga asubuhi, asiranse inanunuliwa mchana, na tarehe inaandikwa ya juzi.

Katika hizo zote, anayepoteza ni nani? Wengi watajibu "kampuni". Kwa ile ya tarehe ya juzi, kweli, inalipa isichopaswa kulipa. Kwa ile ya fotokopi kampuni haipotezi kitu kikubwa. Ilikosa mteja tu. Anayepoteza ni mtu ambaye hata hajui kwamba kuna karatasi.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa hapa, jirani yetu, jina lake nalibakiza, alipanda juu ya mifuko kwenye kamyo kupeleka mahindi na mihogo yake sokoni Kolwezi. Njo usafiri wetu huo, mnaujua. Kamyo ikalala kwenye kona. Yeye nyonga ilivunjika, na mtu mwingine alikufa. Shofere alikuwa na adabu, alibaki, hakukimbia. Alimwambia, "Mama, usihangaike, asiranse iko." Na kweli ilikuwa pale kwenye kioo, rangi yake nzuri, tarehe yake nzuri. Mtoto wake wa kiume alipofika na namba kwenye biro ya kampuni mjini, waliitafuta, wakaipata. Ilikuwa ya gari dogo la mtu mwingine kabisa. Mwenye kamyo alileta mifuko miwili ya unga na makuta ya hospitali ya wiki ya kwanza, baadaye telefone yake haikuita tena.

Artikle 258 ilikuwa bado iko, ndugu zangu. Tangu 1888 iko. Huyu mama alikuwa na haki yote ya kwenda tribinali Kolwezi. Kwenda kuna bei, avoka ana bei, karatasi ya daktari ina bei, na anayekwenda hawezi kukaa kwenye gari kwa saa nne na nyonga ile. Familia iliuza mbuzi, halafu ilikodisha shamba la mtoni, lile zuri. Mwaka uliofuata mimi nilikuja na mbegu za mahindi za programu, na kwenye orodha ya wakulima jina lake halikuwemo. Ndipo nilianza kuuliza-uliza juu ya hiki kikaratasi. Hasara ya nyonga ilikuwa imetembea: kutoka kwenye kioo cha kamyo mpaka kwenye shamba, na kutoka shambani mpaka kwenye shule ya watoto wawili. Hakuna ripoti ya polisi itakayoonyesha hiyo njia.

Mtu wa pili anayelipa ni mwenye gari mwenye haki. Mjomba wangu (mjomba wa damu, si wa pikipiki) ana kamyo moja ya zamani anayoitengeneza mwenyewe kila Jumapili nyuma ya misa. Yeye anatoa asiranse ya kweli, vinyeti ya kweli, kontrole tekinike ya kweli. Kwa hiyo bei yake ya mfuko kwenda Kolwezi iko juu kidogo kuliko ya wengine. Wafanyabiashara wa mahindi, ambao pia wanahesabu, wanampita na kwenda kwa mwenye karatasi ya bongo. Anabaki anangoja mzigo siku mbili, tatu. Na kwenye barieri anasimamishwa sawa na wengine, maana polisi naye amezoea kwamba karatasi zote zinafanana, ya kweli na ya bongo, kwa hiyo wote wanatoa kitu. Aliniambia siku moja, bila hasira: "Miye njo niko nalipia bote."

Nimeifikiria sana hiyo sentensi, na kwa hesabu ana haki. Tuseme kwenye barabara moja kuna kamyo 100, na kwa mwaka ajali zao zitahitaji dola 10.000. Zote zikitia kwenye sanduku, kila moja inatoa dola 100. Zikitia 40 tu, na ajali zikibaki zilezile, ama hizo 40 zitoe dola 250 kila moja, ama watu waliogongwa na zile 60 wasilipwe. Hakuna njia ya tatu. Nchi zingine zimechagua kwa macho wazi: Waingereza tangu 1946 wana biro inayowalipa waliogongwa na magari yasiyo na asiranse, na Wafaransa waliweka mfuko wao mwaka 1951. Pale mwenye haki analipa zaidi ili aliyegongwa asiachwe. Sisi kwa miaka mingi tulichagua la pili, lakini hatukulichagua. Tulilala tu, likatokea. Waliogongwa njo wakawa asiranse ya wenye magari.

Mpaka hapa nimesema juu ya wizi wa mlangoni, wa mtu anayeingia bila kulipa. Kuna wizi mwingine wa kutokea, na kwa huo lazima twende Kenya, maana wao wanao kwa wingi na sisi hatunao sana. Kwa nini hatunao, nitasema.

Kenya haikuwa na muuzaji mmoja. Kulikuwa na makampuni mengi, na tribinali zao zililipa watu waliogongwa, tena wakati mwingine vizuri. Basi kazi mpya ikazaliwa pembeni ya barabara. Matatu ya viti 14 inapinduka, watu kumi wanaumia, lakini mwaka unaofuata kwenye kesi kuna madai ya watu zaidi ya viti vya gari. Kila mmoja ana abstrakti ya polisi, ana karatasi ya daktari inayosema shingo inauma (na shingo, waulizeni madaktari wenu, ni kiungo ambacho mashine haiwezi kukikanusha), na wakili ambaye hajapata kumwona uso. Makubaliano yanagawanywa: wakili, daktari, dalali wa hospitali, polisi, na kidogo kwa mwenye shingo. Mara nyingine aliyeumia kweli anapata kidogo kuliko wote, maana yeye yuko kitandani, hajui kesi imefika wapi.

Makampuni yalianza kuanguka. Kenya National Assurance, ya serikali, ilifungwa mwaka 1996. United Insurance, iliyobeba sehemu kubwa ya matatu, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Wenye matatu wakaunda yao wenyewe, Invesco, na mwaka 2008 nayo ikaingia mikononi mwa msimamizi. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Sitasema kwamba madai ya bongo peke yake ndiyo yaliyoziua. Bei za kugombania wateja zilikuwa ndogo mno, na uongozi ulikuwa na shida zake. Lakini madai hayo yalikuwa sumu kubwa. Na kampuni ikifa, wenye matatu waliokuwa wamelipa kila mwezi, kwa haki, wanabaki na hukumu za tribinali mkononi bila kampuni ya kuzilipa. Mnada unakuja kwenye nyumba ya mtu ambaye ana risiti zote. Hapo mjomba wangu wa Kenya, kama ninaye, analipa mara mbili.

Sasa kwa nini huku kwetu hatukuwa na madai ya bongo kwa wingi namna hiyo? Watu wengine wanasema Wakongomani tuna moyo mzuri. Mimi sidhani. Hakuna anayejivunja shingo ya uongo mbele ya sanduku ambalo anaamini halifunguki. Wizi wa kutokea unahitaji mlango wa kutokea. Kwetu mlango huo ulikuwa umefungwa, kwa hiyo wezi wote walisimama kwenye mlango wa kuingilia.

Tarehe 17 Machi 2015 sheria n° 15/005 ilitoka, Kodi ya Asiranse, ikamaliza enzi ya muuzaji mmoja. Mwaka ule ule sisi wa Mutshatsha tulihamishwa kutoka jimbo la Katanga kuingia Lualaba, na kusema kweli hiyo ndiyo habari watu waliyoisikia. Ya asiranse ilipita kimya. Tanzania ilikuwa imefungua soko lake kwa sheria ya mwaka 1996, karibu miaka ishirini mbele yetu. Ikaundwa ARCA, mamlaka ya kusimamia asiranse, na mwaka 2019 makampuni ya watu binafsi yakapata lisansi za kwanza. SONAS yenyewe iko bado, kama kampuni kati ya kampuni. Leo ukitembea Kolwezi unaona mabango yao, na vijana wengi wa shirika letu, wa ekonomi na wa sheria, wanafanya huko kazi ya uajenti. Ni jambo la kufurahia, na mimi ninafurahi.

Karatasi nayo inabadilika. Tanzania, TIRA imeweka stika kwenye mfumo wa kompyuta, mtu anaandika namba ya gari na kuona kama bima iko hai au imekufa. Kenya cheti cha gari kimekuwa cha dijitali. Mashofere wetu wanaopeleka kobalti mpaka Dar es Salaam wanalijua hilo kuliko maprofesa wetu: huko wanapita na kadi ya njano ya COMESA, ile inayotumika tangu miaka ya 1980 kuvusha asiranse kwenye mipaka (Tanzania ilitoka COMESA, lakini kwenye kadi ilibaki). Wanarudi na kusimulia kwamba kule polisi haangalii rangi ya karatasi, anaangalia telefone. Wizi wa mlangoni, namba moja kwenye magari matano, hauwezi kuishi muda mrefu na telefone ya namna hiyo, kama kuna rezo. Hapa Mutshatsha rezo ni hadithi nyingine.

Lakini fikirieni kitu ambacho historia yetu haijatuonyesha bado. Kwa mara ya kwanza tangu wazazi wetu wawe vijana, kuna masanduku yanayofunguka. Mwaka jana rafiki yangu mmoja wa Kolwezi, mwenye gari dogo la taksi, aligongwa kwa nyuma na pikapu yenye asiranse ya kweli. Alifuata karatasi zake, polisi akaandika, mekanisieni akaandika, alirudi mara nne au tano kwenye biro, na mwishoni alilipwa. Si makuta mengi: bampa, taa mbili na malipo ya siku alizokaa bila kazi. Alinipigia usiku kunielezea, kama mtu aliyeona mvua mwezi wa saba.

Habari ilizunguka kwenye stasioni ya taksi kwa wiki mbili. Mashofere wawili walikwenda kununua asiranse ya kweli, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na wakamwomba awaonyeshe biro. Wa tatu alimfuata jioni, akamvuta pembeni, akamnunulia soda, na akamuuliza kwa sauti ndogo: "Yaya, ile aksida, mulipanga namna gani?"